Binti yangu ana sindromu ya Down na anamaliza sekondari: je, chuo cha jamii kitampokea?

SWALI: Tunaishi Marekani kwa miaka kadhaa sasa. Binti yangu ana miaka 19 na ana sindromu ya Down. Anasoma polepole, simu anaijua vizuri, na mambo ya jikoni anayapenda mno. Shule yake ya sekondari imesema mwezi wa sita atahitimu na wenzake. Jirani kaniambia chuo cha jamii cha hapa (community college) kina madarasa ya vijana kama yeye. Watampokea? Nani atalipa? Na hela ya SSI anayopata, ile ya serikali kwa wenye ulemavu na kipato kidogo, haitakatwa akianza kusoma? Nina hofu pia kwamba watamcheka.

JIBU: Mama, pole kwa mzigo wa kuyafuatilia haya yote katika nchi isiyo ya kwenu, na hongera kwa kuuliza mapema. Umeuliza habari za chuo, lakini jambo la haraka liko shuleni, na lina tarehe: huo mwezi wa sita.

Waandikie shule uwaulize binti atapewa karatasi gani siku ya mahafali. Kuna diploma ya kawaida ya sekondari, ile wanayopewa wanafunzi wote, na kuna cheti cha kumaliza au cha kuhudhuria. Siku ya sherehe huwezi kuzitofautisha: joho ni lile lile na makofi ni yale yale. Kisheria ni mbingu na ardhi. Sheria ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu, iliyopitishwa mwaka 1975 na ambayo tangu 1990 inajulikana kama IDEA, inampa binti yako elimu ya bure inayomfaa, pamoja na mpango wake binafsi wa masomo, yaani IEP, mpaka afikie ukomo wa umri uliowekwa na jimbo. Majimbo mengi yanaishia miaka 21 au siku ya kutimiza 22. Michigan inakwenda hadi 26. Akipokea diploma ya kawaida kabla ya umri huo, haki hiyo inakoma. Akipokea cheti tu, haikomi.

Kwa hiyo huenda binti ana miaka miwili au zaidi ya elimu ya bure mbele yake, na inaweza kuondoka kwa sherehe ya asubuhi moja. Nimewaona wazazi wakigundua hili mwezi wa tisa, kijana yuko kitandani mchana, basi la shule halipiti tena. Shule inatakiwa kukupa taarifa ya maandishi kabla ya kumhitimisha kwa diploma, na taarifa hiyo iwe katika lugha unayoielewa, isipokuwa pale ambapo kwa kweli haiwezekani. Mkiona hajawa tayari, ombeni kikao cha IEP sasa hivi, msingoje mwezi wa tano. Katika kikao hicho shule inapaswa kuhakikisha unaelewa kinachosemwa, na ukihitaji mkalimani wa Kiswahili wao ndio wanaomleta na kumlipa. Usikubali mdogo wake binti akalimani. Mtoto wa miaka 12 hawezi kubeba maneno ya sheria, na si haki kumtwika.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi waziwazi: katika majimbo mengi, mwanafunzi akitimiza miaka 18 haki za mzazi ndani ya IEP humhamia yeye. Binti yako ndiye mwenye sauti ya mwisho mezani. Bado unapewa taarifa, na unaweza kualikwa kikaoni, ila sahihi ni yake. Watu wakisikia hivyo hukimbilia mahakamani kuomba ulezi wa kisheria, na wakati mwingine shule yenyewe ndiyo inayowasukuma. Usiharakishe. Ulezi wa namna hiyo humwondolea mtu mzima haki zake nyingi kwa mkupuo, na kuurudisha nyuma ni kazi. Kuna njia nyepesi: binti anaweza kutia sahihi ruhusa ya wewe kupewa taarifa zake, anaweza kukupa hati ya uwakilishi, na majimbo kadhaa yanatambua mkataba wa kusaidiwa kuamua, ambapo mtu anabaki na haki zake na kuchagua nani wa kumweleza mambo na kumshauri. Texas ndiyo iliyotangulia kuuandika katika sheria, mwaka 2015.

Sasa tuingie chuoni.

Vyuo vya jamii vya Marekani vimejengwa juu ya wazo la mlango wazi. Chuo cha Joliet kule Illinois, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kati ya vile vya umma, kilifunguliwa mwaka 1901 ili vijana wa hapo wasome karibu na nyumbani, na mpaka leo vyuo hivi havichuji watu kama vyuo vikuu vinavyofanya. Kwa hiyo ndiyo, kwa kawaida watampokea. Swali lenye uzito zaidi ni watampokea katika lipi, maana chini ya jina hilo moja la "madarasa ya vijana kama yeye" kuna vitu vinne tofauti kabisa, na jirani yako huenda alikuwa anazungumzia chochote kati ya hivyo.

Kipo kile ambacho binti anabaki kuwa mwanafunzi wa sekondari kwa makaratasi, lakini siku kadhaa za juma anakwenda chuoni, anahudhuria kozi moja au mbili pamoja na wanachuo wengine, na shule inamlipia msaidizi na usafiri kwa kuwa bado yuko ndani ya IEP. Massachusetts wamekuwa na utaratibu wa jimbo wa namna hii tangu 2007. Kama wilaya yenu ya shule inao, au inakubali kuuweka katika IEP, mimi ningeanzia hapo bila kusita, kwa sababu kijana anaonja chuo huku haki zake za shule bado zinamlinda. Ndiyo maana nimekung'ang'aniza kuhusu hiyo diploma.

Cha pili ni programu maalumu ya wanafunzi wenye ulemavu wa akili iliyoidhinishwa na serikali kuu. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2008 ndiyo iliyoifungua njia hii. Mwanafunzi wa programu hizi anaweza kupata msaada wa fedha wa serikali hata kama hana diploma ya sekondari na hata kama hatafuti shahada, na angalau nusu ya masomo na shughuli zake lazima iwe pamoja na wanafunzi wasio na ulemavu: katika kozi za kawaida, katika kozi anazohudhuria bila kupewa alama, au katika mafunzo kazini. Nusu hiyo ndiyo roho ya sheria yenyewe, maana inamzuia mtu yeyote kufungua chumba cha pembeni na kukiita chuo. Kituo kiitwacho Think College, kilichopo Chuo Kikuu cha Massachusetts Boston, kinaweka orodha ya programu za nchi nzima, zilizoidhinishwa na zisizoidhinishwa, zaidi ya 300. Tafuta humo kwa jina la jimbo lako.

Cha tatu ni madarasa ya pekee yasiyohesabika kuelekea shahada: kupika, kutunza fedha, kompyuta, kutumia basi, mazoezi ya mwili. Mara nyingi ada yake ni ndogo au hakuna. Cha nne ni kozi ya kawaida kabisa, ile wanayosoma wote, binti akiingia kwa msaada wa ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu.

Hapo kwenye cha nne pana mtego wa kisheria, na unapaswa kuujua kabla ya siku ya kwanza. IEP haivuki lango la chuo. Chuoni zinatawala sheria nyingine, kifungu cha 504 cha sheria ya urekebishaji ya mwaka 1973 na sheria ya Wamarekani wenye ulemavu ya 1990. Hizi zinamkataza mtu kubaguliwa na zinamtaka mkufunzi afanye marekebisho ya haki: muda wa ziada kwenye mtihani, chumba tulivu, ruhusa ya kurekodi somo, kitabu kinachosomwa kwa sauti na kompyuta. Hazimlazimishi kupunguza kiini cha somo. Hazikilazimishi chuo kumpa binti msaidizi wa kukaa naye siku nzima, wala kumtafuta binti na kumuuliza anahitaji nini. Kule shuleni wajibu wa kumtambua na kumhudumia ulikuwa wa shule. Chuoni asiposema, hapati. Na rekodi zake ni zake: ukipiga simu kuuliza kama anahudhuria, chuo kinaweza kukataa kukujibu mpaka yeye awe ametia sahihi ruhusa.

Kama utabeba jambo moja tu kutoka jibu hili, basi anza leo kumzoesha binti kuyasema mahitaji yake kwa mdomo wake. Mimi naona hili lina uzito kuliko kusoma haraka au kujua hesabu. Liwekeni hata ndani ya IEP kama lengo la mwaka, lenye mwalimu anayelisimamia. Mfanyie mazoezi ya sentensi fupi: "Naitwa fulani. Ninasoma polepole. Naomba maswali yasomwe kwa sauti." Arudie kwa Kiingereza mbele ya shangazi, mbele ya mhudumu wa maktaba, mbele ya daktari. Ninyi mlio pembeni mnyamaze, hata akichukua dakika nzima kuanza. Nakumbuka kijana mmoja mwenye usonji ambaye hakuweza kutoa maneno mbele ya mtu mgeni. Aliandika ombi lake kwenye kadi, akaiweka juu ya meza ya mkufunzi, akasimama akitazama dirisha mpaka mkufunzi alipomaliza kuisoma na kusema sawa. Hilo lilikuwa ombi kamili, na alipewa kiti karibu na mlango kama alivyotaka.

Kuhusu malipo. Akibaki chini ya shule kwa njia ile ya kwanza, gharama za yaliyomo ndani ya IEP hubebwa na shule. Hawezi kupokea msaada wa serikali wa chuo wakati bado ameandikishwa sekondari, kwa hiyo usipoteze muda na fomu hizo mwaka huo. Akiingia katika programu iliyoidhinishwa baada ya kumaliza, mjaze fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa fedha wa serikali kwa masomo ya chuo. Anaweza kupata ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi na ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, na pia kazi za wanafunzi zinazolipwa kwa fedha za serikali. Mikopo ya serikali haimo katika njia hii, na kusema kweli nashukuru. Zingatia kwamba mlango huu ni wa wenye ulemavu wa akili, na chuo kitadai karatasi za kuuthibitisha, kwa hiyo ile ripoti ya mwisho ya vipimo vya shule itunze kama unavyotunza pasipoti. Kijana mwenye usonji asiye na ulemavu wa akili huomba msaada kwa njia ya kawaida, akiwa na diploma yake na akiandikishwa katika masomo ya cheti au shahada.

Uliza na ofisi ya jimbo inayoandaa watu wenye ulemavu kwa ajira. Wengi huiita VR, ingawa majimbo huipa majina tofauti. Tangu sheria ya mwaka 2014, ofisi hizi zinatakiwa kutenga angalau asilimia 15 ya fedha zao za serikali kuu kwa ajili ya kuwaandaa wanafunzi wangali shuleni: kuzijua kazi, kuzijaribu, kupewa ushauri wa masomo ya baadaye, na kujifunza kujisemea. Kwa kuwa binti anapokea SSI kwa sababu ya ulemavu, VR inamchukulia kuwa anastahili. Mradi lengo lake la kazi limeandikwa katika mpango, wanaweza kugharimia ada, vitabu, hata nauli. Ukienda usiseme tu "anapenda kupika". Sema anataka kazi ya jikoni, na taja chuo chenye mafunzo hayo.

SSI haikatwi kwa sababu mtu anasoma. Ruzuku ya Pell haihesabiwi kuwa kipato chake. Akipata kazi kabla ya kutimiza miaka 22 na anahudhuria masomo kwa utaratibu, chuoni angalau saa 8 kwa juma, sehemu kubwa ya mshahara wake pia haihesabiwi: kwa mwaka 2025 ilikuwa hadi dola 2,350 kwa mwezi, isizidi 9,460 kwa mwaka. Wajulishe ofisi ya hifadhi ya jamii mara anapoanza masomo na mara anapoanza kazi, na tunza nakala. Kinachowaponza watu ni akiba kupita dola 2,000 katika akaunti ya kawaida. Akaunti ya ABLE, yaani akaunti maalumu ya akiba ya wenye ulemavu, ipo kwa ajili hiyo, na dola 100,000 za kwanza ndani yake hazigusi SSI. Na kama baada ya kutimiza 18 hamkupata barua ya kupimwa upya kwa vigezo vya mtu mzima, itarajieni. Ikija msiiweke kabatini, maana ina siku za mwisho za kujibu.

Rudi sasa kwenye lile darasa la jirani. Nenda ukalione, na uende siku ya kawaida ya masomo, si siku ya wageni. Kaa nyuma na utazame mikono: nani anabeba begi la mwanafunzi, nani anafungua kompyuta, nani anajibu mkufunzi anapouliza? Niliwahi kukaa katika somo la fedha ambapo watu wazima, mmoja ana ndevu, walikuwa wakihesabu sarafu za plastiki kwa saa nzima. Katika chuo kingine somo la jina hilo hilo lilifanyika dukani kwa chuo. Kila mmoja alikuwa na kadi yake na kiasi chake, akachagua daftari, akasoma bei, akasimama kwenye foleni na watu waliokuwa na haraka. Mwanafunzi mmoja aliona kadi imekataliwa. Mkufunzi alikuwa hatua tatu nyuma yake na hakusogea. Yule dada akamwambia muuzaji asubiri, akarudisha kalamu moja, akajaribu tena, ikakubali. Haya ya pili ndiyo ya kumtoa binti nyumbani asubuhi.

Muulize mratibu vijana waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi sasa, wangapi wana kazi inayolipwa mshahara wa kawaida, na karatasi wanayotoka nayo inatambuliwa na mwajiri gani. Muulize kama jiko la mafunzo ya upishi liko wazi kwa wanafunzi wa programu yake, au wao hupikia chumba kingine. Akikujibu kwa kukuonyesha picha za sherehe, endelea kuuliza. Sisemi darasa la pekee ni baya. Kwa binti ambaye hajawahi kuingia chuo, muhula mmoja wa kuzoea majengo na ratiba unaweza kumpa ujasiri. Ninachokataa ni darasa lisilo na mlango wa kutokea, ambalo mtu anarudia "stadi za maisha" mwaka hadi mwaka na stadi hizo hazimfikishi popote.

Usafiri usiuache mwisho. Programu nzuri nyingi huvunjika hapo: zinaanza saa mbili na nusu, baba yuko zamu ya usiku, mama ana watoto wengine. Kama mji una mabasi ya umma, sheria ya 1990 inawataka waendeshaji wawe na usafiri wa pekee kwa wasioweza kutumia basi la kawaida kwa sababu ya ulemavu. Unaombwa kwa fomu, na wasipotoa uamuzi ndani ya siku 21 lazima waanze kumbeba mpaka waamue. Lakini kwanza mwombee shuleni mafunzo ya kusafiri, mtu apande naye basi lile lile la kwenda chuoni mpaka alijue. Anayejua simu anaweza kujifunza namba ya basi.

Mwisho umetaja kuchekwa, na naamini hilo ndilo linalokukosesha usingizi kuliko ada. Sitakuambia haitatokea. Nitakuambia kwamba chuo cha jamii ni mahali ambapo darasa moja lina bibi wa miaka 60, mwanajeshi aliyestaafu, mama aliyekuja na sare ya kazini, na mtu anayejifunza Kiingereza kama sisi. Kijana anayesoma polepole hasimami peke yake humo kama alivyokuwa akisimama kwenye korido za sekondari. Akidhihakiwa au kutengwa kwa ulemavu wake, chuo kina mhusika wa kupokea malalamiko chini ya kifungu cha 504. Lijueni jina la mtu huyo na ofisi yake ilipo mkiwa mnajiandikisha. Na ukienda kulitazama darasa, nenda na binti mwenyewe. Mkitoka, kabla hujamweleza ulivyoona wewe, muulize angependa kukaa kiti gani na karibu na nani.